Maswali ya Wasomaji: Kuba la Nyota la Chuo Kikuu Linapoingia Zama za Kidijitali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimesoma kwamba Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kimegeuza ukumbi wake wa nyota kuwa kuba la kidijitali. Kwa nini ule mtambo wa zamani haukutosha?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu Mwalimu, ukumbi ule ulifunguliwa mwaka 1960, na mtambo wake wa kampuni ya Zeiss haukuwa mpya hata siku hiyo, kwa kuwa ulikwishafanya kazi katika jiji la Hamburg, Ujerumani, kabla ya kununuliwa. Ukiutazama kwa karibu unakumbusha siafu mkubwa: matufe mawili ya chuma, moja la nyota za kaskazini na jingine la nyota za kusini, yameunganishwa na kiuno chembamba chenye projekta ndogo za jua, mwezi na sayari. Ndani ya kila tufe mna taa kali, na mwanga wake hupita katika mabamba yenye vitundu vidogo mno, kila kitundu kikiwa nyota moja ukutani. Magurudumu yenye meno huuzungusha mtambo mzima, na usiku wa saa kumi na mbili ukapita kwa dakika chache. Ni kazi ya ufundi ninayoiheshimu sana.

Hata hivyo, mtambo wa aina hiyo humwonyesha mtazamaji anga kama inavyoonekana kutoka duniani tu. Kompyuta inayoendesha projekta za kuba la kidijitali, kwa upande wake, huhifadhi mahali ilipo kila nyota pamoja na umbali wake, na chombo cha Gaia, kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 2013, kimepima nyota zaidi ya bilioni moja. Hapo ndipo somo linapobadilika. Mwanafunzi akiketi chini ya kuba na kulitazama kundinyota la Jabari (Orion), huliona kama umbo bapa lililochorwa juu ya dari. Mwalimu akiiondoa kamera ya kompyuta kutoka kwenye Jua, umbo lile husambaratika mbele ya macho yake, kwa sababu nyota yake moja, Bellatrix, iko umbali wa takriban miaka-nuru 250 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka) ilhali nyingine, Rigel, iko zaidi ya miaka-nuru 800. Nimefundisha jambo hilo ubaoni mara nyingi, na najua jinsi chaki inavyoshindwa.

Faida ya pili huwahusu wasio wanaastronomia. Ukumbi wa nyota wa Iziko wa Cape Town, uliofunguliwa upya mwaka 2017 ukiwa na kuba la kidijitali kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya jiji hilo, hutumiwa pia na watafiti kuzitazama data zao kwa pamoja. Chuo kinachotaka kuhalalisha gharama kubwa namna hii hakina budi kuwaita wanabiolojia, wahandisi na wanajiografia tangu siku ya kwanza ya mipango.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, ni kweli kwamba nyota za kidijitali si kali kama zile za mtambo wa kale?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ni kweli, na hesabu yake ni fupi. Picha yenye pikseli (vile vinukta vinavyoiunda) 4,096 kutoka ukingo mmoja wa kuba hadi mwingine huzigawa kwa nyuzi 180, yaani pikseli zipatazo 23 kwa kila nyuzi. Mwezi mpevu, wenye upana wa nusu nyuzi, hupata kama pikseli 11 tu, na nyota huwa kidoa badala ya ncha ya sindano. Ukiongeza hadi 8,192 hali hupata nafuu, lakini bado jicho zima huona vitu vidogo kuliko pikseli hizo. Pia weusi wa projekta si weusi kamili. Tena, picha nyeupe upande mmoja wa kuba humulika upande wa pili na kuufifisha, ndiyo maana makuba mengi hupakwa rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Kwa maoni yangu, chuo chenye mtambo wa vitundu ulio mzima kisiutupe.

SWALI: Shule yetu haina fedha za kuba. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kuba dogo la kujazwa upepo, projekta moja na kioo cha mbinuko kinachoitawanya picha hadi pembeni vinatosha kuanza, pamoja na Stellarium, programu ya bure ya kompyuta inayoonyesha anga. Nairobi kundi la Travelling Telescope limejenga lao kwa mianzi, na linafaa kutembelewa. Stellarium hukubali kuongezewa majina ya nyota ya jamii yoyote, kwa hiyo waombeni wazee majina wanayoyajua kabla hamjawasha projekta. Wekeni Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wetu hukitazama kujua majira, na waambieni watoto kwamba wenzao Wazulu wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, kwa mzizi uleule wa kulima.