Uliza Fundi: Nati za slasha zimegoma, nimepiga nyundo mpaka nimechoka

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa trekta kwenye shamba la parachichi huku Tukuyu, tuna slasha ya futi 5 ya kukatia nyasi, ya kufunga nyuma ya trekta, ina visu viwili. Masika yote imekaa nje inanyeshewa, sasa nataka nitoe visu nikanoe nati hazitoki, nimegonga mpaka moja pembe zake zimeliwa. Halafu kisu kimoja hakichezi kabisa kimeganda, na hichohicho kina ufa kidogo karibu na tundu la bolti. Bosi anasema nikate hivyohivyo nyasi zimeshakuwa ndefu, fundi wa kuchomelea naye kasema ule ufa ataupiga weldi tu. Nisaidie, ndaga fijo.
Dereva, Tukuyu

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kabla ya nati naanza na hicho kisu kilichoganda, maana hapo ndipo pana hatari na ningeomba bosi wako naye asome. Kisu cha slasha hakijafungwa kikakaa imara kama cha mashine ndogo ya bustani, kimening'inia kwenye bolti yake, trekta ikizungusha ndio kinanyooka chenyewe kwa ile kasi, na kikikuta jiwe au kisiki kinajikunja kinarudi nyuma halafu kinanyooka tena. Huko kwenu mawe meusi ya volkano yamejaa chini ya nyasi, unayajua vizuri kuliko mimi. Kisu kikiganda hakijikunji, kwa hiyo kishindo chote kinapanda kwenye ekseli na giaboksi, ukija kushtuka meno ya gia yameshakwenda. Kwa hiyo usikate nyasi hivyohivyo, hata siku moja.

Na ule ufa, hapana, usichomelee. Piga hesabu mwenyewe: kisu kinachora duara la kama mita 1.5, tuseme kinazunguka mara 900 kwa dakika, ncha yake inakimbia karibu mita 70 kwa sekunde, ni kama kilomita 250 kwa saa. Chuma cha kisu kimekomazwa kwa moto kiwandani, weldi inaharibu ule ukomavu pembeni ya mshono, kinakuja kukatika palepale. Niliwahi kuona shamba moja upande wa Mufindi kipande cha kisu kilichochomelewa kimezama kwenye mti wa mpaina, tulikivuta kwa koleo kikagoma tukakiacha mulemule. Mtu alikuwa amesimama hapo dakika chache kabla. Nunua visu vipya, na ununue viwili pamoja, usichanganye kipya na kilichochakaa, uzito ukitofautiana mashine inatetemeka mpaka inaua beringi.

Sasa nati. Zima trekta, toa ufunguo weka mfukoni, chomoa kabisa propela ya PTO, ile shafti inayopeleka mzunguko wa trekta kwenye slasha. Inua slasha halafu iweke juu ya magogo mazito pande zote, usiingie chini ikiwa imeshikwa na haidroliki peke yake, mpira wa oili ukipasuka inashuka bila kukuambia. Angalia juu ya slasha, nyingi zina tundu lenye kifuniko, ukizungusha ile sahani ya visu taratibu nati inakuja kukaa sawa na tundu na unaishika kwa soketi kutoka juu, watu wengi hawalijui hilo wanahangaika chini kwenye matope.

Sugua uzi wa bolti unaochungulia juu ya nati kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, maana kutu iliyokaa hapo ndio inayoizuia nati njiani. Na hapohapo uangalie uzi umelala upande gani, ukisimamisha bolti mbele yako na uzi unapanda kuelekea kulia basi ni wa kawaida, unafungua kinyume cha saa, ukipanda kushoto ni wa kinyume, na nimeshaona mtu anakaza nusu siku akidhani anafungua. Dizeli ambayo madereva wengi humwagia inasaidia kidogo, ila inayopenya vizuri zaidi ni oili ya giaboksi za otomatiki ukichanganya na asetoni nusu kwa nusu, weka kwenye kopo la chuma au kioo, tikisa, dondoshea, gonga nati kwa nyundo ndogo pande zote ule mtikisiko ndio unaoingiza oili, dondoshea tena, iache ilale. Kesho asubuhi rudia. Asetoni inawaka upesi sana, sigara na jiko vikae mbali.

Kufungua tumia soketi ya pembe 6, ile ya pembe 12 ndio inayokula nati. Bana kipande cha gogo kati ya sahani na ukuta wa slasha isizunguke, vaa bomba kwenye mpini, jaribu kukaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike ndio ufungue. Nguvu inayotakiwa ni kubwa, slasha nyingi nati zake zinakazwa kwa paundi-futi kama 450, maana yake mtu wa kilo 62 aegemeze uzito wake wote kwenye mpini wa mita 1, kwa hiyo spana fupi na nyundo utajichosha bure.

Ikigoma bado, ndio gesi. Futa oili yote kwanza na uondoe nyasi kavu, weka ndoo ya maji pembeni. Pasha nati, sio bolti, nati ndio tunataka itanuke. Ikishapata moto toa gesi, gusisha mshumaa pale uzi unapoingia, utaona nta inayeyuka na kunyonywa ndani kama utambi, hapo jaribu. Ile iliyoliwa pembe usiibembeleze, kata ubavu wake kwa grinda mpaka ukaribie uzi, piga tindo kwenye ule mkato itapasuka. Bolti na nati hizo hazirudi tena, nunua zile za slasha zenyewe, usiweke bolti za duka la vifaa vya ujenzi. Hakikisha kisu kinacheza kwa mkono ukishakaza.

SWALI: Kamwene fundi, nina trekta ndogo ya kukaa ya kukatia nyasi uwanjani huku Mafinga, beringi ya spindo moja (ile shafti inayozungusha kisu) ya deki, yaani bodi la chini lenye visu, inalia, nati ya juu imetoka ila puli imeng'ang'ania kwenye shafti, nimeipiga pembeni imeanza kupinda.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kamwene. Acha kupiga ukingo, puli ni bati, ikipinda mkanda unaruka kila siku. Toa waya wa plagi kwanza. Rudisha nati mpaka ilingane na kichwa cha shafti ili uzi usipondeke, mwagia oili ya kulegeza kutu usiku mzima, halafu ingiza nondo bapa mbili chini ya puli, zikae pande mbili zinazotazamana, karibu kabisa na kitovu, mwenzako abonyeze zote pamoja wewe ugonge nati kwa nyundo ya shaba au kipande cha mti mgumu. Ikikataa azima pula ya kucha tatu, kile kifaa cha kuvutia puli na beringi. Gesi hapo hapana, nyumba ya spindo mara nyingi ni aluminiamu na sili ya beringi ni mpira. Wakati wa kurudisha paka grisi kwenye shafti, mwakani itatoka kwa mkono.

SWALI: Fundi, visu ninoe viwe vikali kiasi gani na kila baada ya muda gani?
Mfugaji, Njombe

JIBU: Inategemea ni vya mashine gani. Vya trekta ndogo ya bustani noa kila baada ya saa 20 mpaka 25 za kazi, ulalo kama digrii 30, upande wa juu tu, ukali wa kisu cha kupakia siagi unatosha. Vya slasha usivifanye wembe, acha ukingo wa milimita 1.5 hivi, ukiwa mwembamba zaidi unamegeka kwenye jiwe la kwanza. Ukitumia grinda gusa na kuachia, chuma kikigeuka bluu ujue ukomavu umeondoka pale. Kisu cha bustani kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati, upande unaoshuka ndio mzito, upunguze. Vya slasha vipeleke dukani kwenye mizani ya kupimia maharage, vilingane.