Kukisia maana ya maneno ya kale ya ujenzi ya Kifaransa

Ndugu yangu, nimekuelewa. Unatafsiri maelezo ya kanisa la kale la Ufaransa, na kamusi inakuambia "corbeau" ni kunguru, "cul-de-four" ni tako la tanuri, "chien-assis" ni mbwa aliyeketi. Kamusi haijakudanganya. Mafundi wa zamani waliita vitu kwa maumbo waliyoyaona, kwa hiyo tafuta picha kwanza, ndipo ukisie.

Angalia nyuma ya altare: ukuta umepinda nusu duara, na juu yake kuna nusu kuba. Chungulia ndani ya tanuri la mikate la matofali, utaona umbo hilohilo. Nusu kuba hiyo ndiyo cul-de-four. Corbeau ni jiwe lililochomoza ukutani kama mdomo wa ndege, likibeba boriti.

Soma pia kitenzi kilicho jirani na neno lako. Kitu kinachotajwa kinabeba, kinamwaga maji au kinaingiza mwanga? Hapo nusu ya kazi imekwisha.

Chien-assis ndilo la kuogopa, nami lilinikosesha. Wengi huliita hivyo dirisha lolote lililotokeza kwenye paa, ilhali kwa mafundi ni lile tu ambalo kipaa chake kinainamia upande ulio kinyume na paa kubwa.

Ukikwama, fungua kamusi ya usanifu majengo wa Ufaransa ya Viollet-le-Duc, msanifu majengo Mfaransa wa karne ya 19, majuzuu 10 yaliyotoka 1854 hadi 1868. Michoro yake inasaidia mno. Lakini kama tafsiri ni ya mkataba wa ukarabati, usikisie hata neno moja: mpe msanifu majengo aipitie kabla hujaituma.