Sigara za kielektroniki zisamehewe kodi? Majibu kwa wasomaji

Kaka, mimi ni mbeba mizigo Soko la Kilombero, Arusha, na navuta sana. Serikali ikifuta kodi ya sigara za kielektroniki, si tutahamia huko?

Ndugu yangu, msamaha huo hautakufikia. Unanunua sigara moja moja kwa Mangi, kwa chenji iliyobaki mfukoni. Kifaa kile kinataka hela ya mkupuo, halafu maji yake ya nikotini, halafu umeme wa kuchaji. Atakayefaidi ni kijana wa mtaa wa wenye nazo kama Njiro, ambaye pengine hajawahi kuvuta hata siku moja, au mwagizaji mwenyewe, maana akisamehewa kodi hakuna kinachomlazimisha kushusha bei. Kinachokugusa wewe ni bei ya ile sigara moja. Mimi nataka ushuru wa sigara uongezwe, na fedha hiyo ilipie ushauri na dawa za kuacha kwenye vituo vya afya, ambako hata wewe utafika.

Lakini si zina madhara madogo? (Mama wa Sakina)

Kwa mvutaji aliyehama kabisa, ndiyo, mama. Kinachoua zaidi ni moshi wa tumbaku inayoungua, wenye lami na kaboni monoksaidi. Kifaa kinapasha tu maji yenye nikotini. Lakini anayetumia kifaa nyumbani na sigara kijiweni bado anavuta moshi uleule.

Wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje? (Msomaji wa Moshi mjini)

Uingereza mwaka 2023 ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa hivi ili waache sigara. Hata hivyo haikuvisamehe kodi: VAT yake ni asilimia 20. Tena imepanga kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 kutoza pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za maji, na siku hiyohiyo kupandisha ushuru wa sigara, ili sigara isije ikaonekana rahisi. Hapo nawaunga mkono. Uganda wao walipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015.

Nimemkuta mwanangu wa kidato cha pili na kifaa hicho, kinanukia embe. Nifanyeje?

Kichukue, ila usianze na fimbo, atakuficha. Muulize kama akikikosa anapata arosto: hasira za ghafla, usingizi kupotea, kushindwa kutulia darasani. Kama ndiyo, nikotini imeshamkamata; mpeleke kwa daktari. Na akwambie alikinunua wapi, kwa sababu muuzaji huyo anawauzia na wenzake.