Re: Mzee anakoroma na presha haishuki

Mkuu, umesema mzee wako huko Makete ana miaka 70, anakoroma halafu katikati pumzi inakata, na presha haishuki japo dawa anakunywa. Hiyo ya pumzi kukata msiipuuze kabisa, maana kila ikikata oksijeni inashuka, mwili unashtuka, moyo unakimbia na presha inapanda, wakati kwa kawaida usiku inatakiwa ishuke kama asilimia 10 hadi 20 ndo moyo upumzike. Mrekodi na simu akiwa amelala, mpeleke Hospitali ya Rufaa Mbeya daktari aone hiyo video. Dawa za presha asiache. Alale kiubavu, jioni asinywe pombe, na ulanzi ni pombe vilevile. Halafu hilo baridi la huko, tafadhali sana jiko la mkaa lisiingie chumbani, mwongezeeni blanketi.