Wimbo mpya wa kwaya? Hesabu besi kwanza

Walimu wa kwaya wengi tunachagua wimbo kwa masikio. Tumeusikia YouTube, umeimbwa na kwaya kubwa yenye mpiga kinanda hodari, basi mazoezi yanayofuata tunao mkononi. Mimi siku hizi naanza kwa kutazama mwezi.

Kigango chetu kiko ufukweni, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na besi, yaani wanaume wa sauti nzito, karibu wote ni wavuvi wa dagaa. Wakati wa giza la mwezi wanakesha ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikishika, wanapumzika nyumbani. Kwa hiyo Dominika za giza naweka nyimbo za sauti mbili, au zenye kiitikio chepesi na mashairi ya solo. Za sauti nne zinangoja mbalamwezi. Uzuri ni kwamba Pasaka huwekwa Dominika inayofuata mwezi mpevu, hivyo Juma Kuu wavuvi tunao. Krismasi haina huruma hiyo.

Nota zipo. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za watunzi wetu, unapakua bure na kupeleka steshenari. Ila usitoe kopi kabla ya kukaa nazo kwenye kinanda. Piga soprano na alto tu: wimbo usiposimama bila wanaume, uweke kando. Angalia pia soprano inapanda hadi wapi, na inakaa huko juu kwa muda gani, maana kugusa noti ya juu mara moja si sawa na kuishi huko. Wimbo wa Do = G (yaani do yake ni noti ya G) unaofika do ya juu naushusha hadi E bemoli, na kina mama hawakunji tena nyuso. Ukishusha zaidi, alto wanazama.

Akitokea wa kukwambia sauti mbili ni za watoto, msomee namba 121 ya Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mwaka 1963. Inawataka watunzi wasitunge kwa ajili ya kwaya kubwa tu, wazijali na ndogo, na waamini wote wapate kushiriki. Mwenyekiti wetu alinyamaza.

Ulizia ithibati, yaani kibali cha Kanisa, kabla ya kuupeleka wimbo Misani. Na mtunzi mara nyingi ameandika namba yake ya simu kwenye nota. Mpigie, mwombe toleo la sauti mbili. Niliyempigia mimi alilituma kwa WhatsApp, akataka tu tumrekodie tukiimba.