Maswali na Majibu: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Nimebadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na asubuhi gari bado haliwaki. Ninunue betri ya kampuni gani? (Morogoro)

Usinunue yoyote kabla ya kupima. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Washa injini, uguse vichwa vya betri kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): kwa magari mengi utaona kati ya 13.8 na 14.7. Ukibaki kwenye 12 huku usomaji ukiteremka, alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji. Ukipita 15, kidhibiti volti kimeharibika na betri yako mpya inachemshwa. Chaji ikiwa nzuri, huenda kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Chomoa waya wa hasi, unganisha multimita ya kupimia ampea kati ya waya huo na betri, funga milango, na usubiri gari litulie. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi usomaji ushuke. Usifungue swichi ya kuwashia gari wakati huo, maana utaunguza multimita. Anzia kwenye redio na alamu zilizofungwa baadaye, kwa kuwa wengi huziunga waya popote wanapoona umeme.

Ni kweli nikichomoa betri injini ikiwaka nitajua kama alteneta ni nzima? (Eldoret)

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu halijabadilika: usifanye hivyo kamwe. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti huweza kupanda mara kadhaa na kuua dayodi (vipande vya ndani ya alteneta vinavyogeuza umeme wake ufae betri) au kompyuta ya injini, ambayo bei yake hailingani hata kidogo na ya multimita.

Taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki kabisa. Ni dalili njema? (Dodoma)

Hapana. Swichi ikifunguliwa lazima iwake, kisha izimike injini inapowaka. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta.

Alteneta inasoma volti 14.4 kwenye boliti yake ya kutolea umeme, lakini betri inasoma 13.1. Fundi anataka nibadilishe alteneta. (Tanga)

Mkatalie. Alteneta yako inazalisha vizuri, ila volti 1.3 zinapotelea njiani. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa, pima kutoka boliti ya alteneta hadi chanya ya betri, kisha kutoka bodi (gamba la chuma) ya alteneta hadi hasi ya betri. Kila upande usizidi takribani volti 0.2. Upande unaozidi ndio wenye kutu. Pwani, chumvi hupenya hata ndani ya plastiki ya waya: ichubue kidogo karibu na kichwa cha betri, na ukikuta shaba imegeuka kijani na inakatika kama majani makavu, badilisha waya mzima. Zima injini kabla ya kufungua chochote, tangulia kufungua hasi, na uifunge mwisho.

Mkanda wa alteneta unalia kila asubuhi. (Nakuru)

Ukaze; ukiwa umepasuka au unang'aa upande wa ndani, weka mpya.