Likizo ya kusuka ukili: mimi nilikwenda, na haya ndiyo niliyoyaona

Dada uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema wewe ni muuguzi, una siku zako 28 za likizo, umeona tangazo la wiki moja ya watu wazima kufundishwa kazi za mikono, na shemeji yetu amekuuliza, "Kwani unataka kuanza biashara ya mikeka?" Wachangiaji waliotangulia wamekwambia uache, kila kitu kimo YouTube bure. Mimi nina miaka 46, ni mhasibu, na nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilijuta. Ya pili ndiyo iliyonikalisha hapa usiku huu nikuandikie.

Ile ya kwanza niipitie haraka. Siku 2, hoteli ya ufukweni, fani tatu: batiki, shanga, vyungu. Walimu wanabadilika kabla hujashika majina yao, kazi imeshafanywa nusu, wewe unamalizia na kupigwa picha. Nilirudi na kitambaa kizuri ambacho mpaka leo sijui kilitengenezwaje.

Ya pili ilikuwa Pemba, siku 7, wanawake sita na mzee mmoja mstaafu wa bandarini, kazi moja tu: ukili, ule utepe wa majani yaliyosukwa unaoshonwa kuwa mkeka. Tulilala kwenye nyumba ya familia, tukafundishwa barazani na bibi wa nyumba hiyo. Siku ya kwanza hatukusuka kabisa. Tulikuta ukindu, yaani majani ya mkindu, umeshakatwa ungali mchanga, umeanikwa juani mpaka umekuwa mweupe. Wa rangi tukauchemsha kwenye sufuria nyeusi uani, tukauanika tena. Kisha ni kukaa na kuchana majani kwa ukucha kuwa vipande vyembamba, chane baada ya chane, zote upana mmoja. Ukichana moja pana na nyingine nyembamba, ukili utakuumbua mbele ya safari.

Siku ya pili nikaanza kusuka, tena mbiombio, maana ofisini nimezoea kufunga hesabu kwa tarehe. Kufika alasiri nina kipande cha shubiri tatu, nikampelekea bibi kwa furaha. Hakusema neno. Alikilaza juu ya goti, kikapinda kama upinde. Akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, taratibu, akasimama katikati. "Hapa, mwanangu, ndipo ulipoanza kuzungumza." Kweli! Hapo ndipo nilipokuwa nikisimulia habari za bosi wangu. Mkono wa kulia ukawa unavuta, wa kushoto umelegea. Akafumua mpaka pale, akalowesha chane kwa maji, akaniambia niweke vidole vyangu juu ya vyake, akasuka polepole. Nikausikia mkazo wenyewe. Hicho ndicho video haikupi, dada. Utaona chane inavyopita juu na chini, lakini kiasi cha kuvuta hakionekani kwa macho.

Nilifumua mara tano siku ile, na usiku nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mwisho wa mwaka wa fedha. Nimefikiri sana kwa nini. Mtu mzima hana mahali pa kukosea. Kazini kosa langu ni hoja ya ukaguzi. Lako wewe, Mungu aepushie mbali, ni dozi ya mgonjwa. Nyumbani watoto wanakutazama. Pale barazani kukosea na kufumua ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na hakuna aliyenihitaji nijue kitu. Nilikuwa sijawa mwanafunzi wa mtu kwa miaka ishirini.

Halafu kuna mazungumzo. Watu wakiwa wameinamia chane zao, hawatazamani machoni, na maneno mazito yanatoka bila kuvutwa. Yule mzee wetu alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne, huku anachana ukindu, akaanza kutueleza habari za marehemu mkewe, aliyekuwa msusi wa mikeka. Alitaka kujua mikono yake ilikuwa ikifanya nini jioni zote zile. Bibi alimsogezea rundo la chane za rangi, tukaendelea kusuka.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba huu ni uzungu. Hapana. Wanawake wa pwani wameketi barazani na ukili baada ya alasiri tangu zamani, na yeyote aliyekulia huko anajua siri ngapi zimesukwa humo. Hata ile desturi ya watu wazima kukaa pamoja wakijifunza ina historia kwetu. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi hapa Tanzania vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na asili ya vyuo hivyo ni Denmark, kwenye fikra za mchungaji wa huko, Grundtvig. Cha kwanza huko Denmark kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Marekani nao walichota kisima hichohicho: kule Brasstown, North Carolina, iko John C. Campbell Folk School tangu 1925, ambako watu wazima huenda wiki moja kufua chuma, kufuma au kufinyanga, bila kupewa maksi.

Sasa kabla hujalipa, muulize mwandaaji fani ni ngapi. Zikizidi moja kwa wiki, mimi singekwenda. Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi. Sisi saba tulikuwa ukingoni, wanane wangekuwa wengi. Na uliza waziwazi mwalimu anapata kiasi gani katika pesa yako. Hili linaniuma. Mkeka mmoja unakula wiki za mtu, kisha mchuuzi anautaka kwa bei ya kutupa. Mafunzo yakilipwa vizuri, bibi anapata kwa ujuzi wake, si kwa mkeka tu. Ukiona anayejibu anababaika hapo, tafuta pengine.

Ukichagua ukili, epuka Machi mpaka Mei. Mvua za masika hazikuachii jua la kuanikia. Kata kucha zote isipokuwa ya gumba la kulia, ndiyo kisu chako. Na beba kanga nzito ya kukalia, maana sakafu ya baraza asubuhi ni baridi mno. Msala wangu, mkeka wa kuswalia nilioanza kuusuka, bado haujafika nusu. Nimeomba ruhusa ya Januari.